Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kipindi cha Muziki katika Darasa la Maandalizi

Walimu wa maandalizi wa Unguja na Pemba ninaokutana nao hunieleza tatizo lile lile kwa maneno yanayokaribiana. Wameambiwa kwamba muziki humsaidia mtoto kujifunza, wakaingiza nyimbo darasani, na baada ya muhula mzima watoto wamehifadhi nyimbo 10 au 12 wanazozipayuka kila asubuhi. Lakini bado hawawezi kutenga silabi za neno, hawangoji zamu, na hawanyamazi wanapotakiwa kunyamaza. Wengine wamekata tamaa na kuurudisha wimbo kwenye kazi ya kuchangamsha darasa lililosinzia.

Kosa haliko kwa watoto, wala wimbo wenyewe haukukosa faida. Wimbo unaokaririwa kwa pamoja na kwa sauti ya juu haumdai mtoto kitu chochote zaidi ya kumbukumbu, na kumbukumbu watoto wetu wanayo tele, kwani wengi wao huhifadhi sura fupi za Kurani chuoni, yaani madrasa, kabla hawajajua kushika kalamu. Muziki humfundisha mtoto pale unapomtaka asikilize kabla ya kutoa sauti: asikilize pigo, asikilize mwenzake, asikilize kimya. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa ajili hiyo.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 4 na 5, yaani miaka 2 ya maandalizi ambayo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliiweka ndani ya elimu ya lazima. Kipindi kimoja ni dakika 20, mara 3 kwa wiki. Hatua zote hazikusudiwi kufanywa kwa siku moja; zipe wiki 6, na usivuke hatua mpaka uione dalili yake ya kufaulu.

## Vinavyohitajika

- Dufu moja la mwalimu. Likikosekana, ndoo ya plastiki iliyofudikizwa inatosha.
- Mkwasa jozi 20, yaani vijiti viwili viwili vya mti mgumu, urefu wa sentimita 20 na unene wa kidole gumba. Mpera unafaa sana. Vipigwe msasa mpaka visiwe na vibanzi.
- Cherewa 10, yaani vyombo vya kutikisa vya vifuu vya nazi vyenye mbegu ndani. Namna ya kuzitengeneza imo katika Hatua ya 6.
- Jamvi au mikeka ya kuwatosha watoto wote wakiwa wamekaa duara.
- Kokoto au vifuniko vya chupa, 5 kwa kila mtoto.
- Daftari moja la kumbukumbu.

Redio, simu na spika sikuziorodhesha, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Vituo vyetu vya Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TuTu, vilifundisha kwa vipindi vya redio vyenye nyimbo na michezo, na kazi hiyo ninaiheshimu; lakini kwa kumfundisha mtoto pigo, chombo hakishiki nafasi ya mtu. Mwaka 2009 watafiti Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha utafiti ulioonesha kwamba watoto wadogo hulifuata pigo kwa usahihi zaidi wanapopiga pamoja na mtu kuliko wanapofuata mashine au sauti ya spika. Vilevile usitumie fedha ya skuli kununua rekodi zinazouzwa kwa ahadi ya kumzidishia mtoto akili kwa kusikiliza tu. Utafiti wa mwaka 1993 unaotajwa katika matangazo hayo ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, na manufaa yaliyoonekana yalidumu kwa dakika chache.

## Hatua ya 1: Zungumza na wazazi kabla ya pigo la kwanza

Mzazi anaposikia kwamba mwanawe anafundishwa muziki, huenda akafikiria harusi au dansi. Waite wazazi, mweleze na mwalimu wa chuo cha mtaa, uwaoneshe dufu na vijiti, kisha ufanye mbele yao zoezi moja la silabi lililomo katika Hatua ya 4. Wakishaona kwamba mtoto anapiga makofi huku akitenga sauti za jina lake, wengi hulielewa jambo bila ya hoja ndefu. Dufu lenyewe ni chombo cha maulidi, na hakuna kijiji cha kwetu kisicholijua.

Kubaliana nao pia kuhusu adabu za mahali. Adhana ikisikika, pigo linasimama papo hapo. Mtaa ukiwa na msiba, kipindi hufanywa kwa sauti ndogo na makofi ya vidole viwili, au huahirishwa. Katika mwezi wa Ramadhani ziweke ala kando, ubaki na Hatua ya 4 peke yake.

Utajua kwamba umefaulu pale mzazi atakapokuuliza akufanyie nini. Mwombe vifuu.

## Hatua ya 2: Tafuta sauti ya kuanzia

Hapa ndipo nyimbo nyingi huharibikia, na mwalimu hajui kwa nini. Mtu mzima huanza wimbo kwa sauti iliyo nyepesi kwake yeye, nayo huwa nzito mno kwa mtoto. Mtoto asipoifikia sauti hiyo huacha kuimba na kuanza kusema kwa nguvu, na darasa zima likisema kwa nguvu, ndiyo makelele yanayolalamikiwa.

Fikiri namna unavyomwita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja: sauti hupanda, kisha hushuka kidogo mwishoni mwa jina. Anzia sauti hiyo ya kuitia, na wimbo wako usipande wala usishuke mbali nayo. Sauti 5 zinazofuatana zinatosha kwa umri huu. Mwalimu mwanamume aimbe kwa sauti nyembamba kiasi anachoweza, au amwachie mtoto mmoja mwenye sauti safi aanzishe.

Tahadhari: usiwaambie watoto "pazeni sauti." Anayepayuka hamsikii mwenzake, na koo likikauka kila siku sauti hukwaruza. Waambie waimbe kiasi cha kulisikia dufu.

Ukitembea ndani ya duara ukawasikia wakiimba kwa sauti moja, na hapana mshipa wa shingo uliosimama, endelea.

## Hatua ya 3: Jenga pigo katika mwili

Kabla mtoto hajakabidhiwa kitu cha kugonga, mwili wake uwe umelijua pigo. Wakalishe duara, upige mapaja yako kwa mikono miwili, mapigo 2 kwa kila sekunde. Wengi wetu huona kasi hiyo ni kubwa, kwa sababu kasi ya mtu mzima ni ya polepole. Lakini mtoto wa miaka 4 hutembea haraka, hucheza haraka, na ukimpunguzia kasi ndipo anapopotea.

Piga kimya kwanza, bila kusema "moja, mbili." Watoto wataanza kukufuata wenyewe kwa kukutazama. Baada ya mapigo 16 hamia mabegani, kisha makofi, kisha miguu. Siku za mwanzo pigo litayumba, na watakaochelewa au kutangulia watakuwa wengi. Usimsahihishe mtoto mmoja mmoja, wala usimshike mikono. Mkalishe karibu na mwenzake aliye imara, kwa kuwa pigo huambukizwa na jirani haraka kuliko linavyoelezwa.

Sababu ya kulitilia mkazo pigo ni hii: mtoto anayeweza kutabiri pigo linalofuata amejifunza kuielekeza akili yake mahali pamoja kwa wakati maalumu. Ndicho anachohitaji ili asikie sauti ndogo zilizomo ndani ya neno, na ndicho anachohitaji ili angoje zamu yake ya kusema.

Mwalimu mmoja aliniuliza angojee mpaka lini. Nilimjibu aache kupiga ghafla, kisha asikilize. Watoto wakiendeleza pigo bila yeye kwa mapigo 8, hatua imekamilika. Darasa langu la kwanza lilichukua wiki 2, nami nilikuwa nimewaharakisha, nikalazimika kurudi nyuma.

## Hatua ya 4: Pigia silabi

Hatua hii ndiyo inayoubeba usomaji, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko nyengine zote.

Anza na majina ya watoto wenyewe. Kila silabi ipate kofi moja na kokoto moja: Ju-ma, makofi 2, Ba-ka-ri, makofi 3, Mwa-na-ko-mbo, makofi 4. Mtoto anapiga, anaweka kokoto jamvini, kisha wenzake wanahesabu. Baada ya majina, endelea na vitu na mahali wanapopajua: na-zi, ka-ra-fu-u, We-te, Mi-che-we-ni, M-ko-a-ni.

Walimu wengi hukosea hapa kwa kukata neno mahali pasipokuwa pake. Tunasema Pe-mba; kusema Pem-ba ni kufuata mkato wa lugha nyengine. Tunasema U-ngu-ja na ko-nde. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, nayo ni neema kubwa kwa mtoto anayeanza kusoma, kwani anachokipigia kofi ndicho atakachokiona kimeandikwa.

Mahali pagumu ni "m" inayosimama peke yake. Pigia mbuzi: mbu-zi, makofi 2. Sasa pigia mbuyu: m-bu-yu, makofi 3. Herufi za mwanzo ni zile zile, lakini "m" ya mbuyu ni kiambishi, wingi wake ni mibuyu, na ina pigo lake, ilhali "m" ya mbuzi imeungana na "b." Mtoto hahitaji maelezo haya, na ukimpa utamchanganya. Mwache asikie. Ukimpa mbuzi na mbuyu, kisha mto na mtoto ambamo "m" ina pigo lake, mara kwa mara kwa wiki moja, sikio lake litatenganisha.

Ukitunga wimbo wako mwenyewe, hakikisha silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayoangukia pigo zito, maana huko ndiko mkazo wa neno ulipo. Tunasema mwa-LI-mu. Ukilipeleka pigo zito kwenye "mu," mtoto atahifadhi neno lililopinda. Kiswahili kina jozi inayoonesha uzito wa jambo hili: ba-ra-BA-ra ni njia ya gari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Pigo ndilo linalozitenga.

Dalili ya kufaulu ni mtoto kukuletea neno lake mwenyewe, ambalo hukumfundisha, akalipigia makofi sahihi. Mara nyingi litakuwa neno la jikoni.

## Hatua ya 5: Fundisha wimbo kwa kuita na kuitikia, na uweke kimya ndani yake

Usifundishe wimbo wote kwa mara moja. Uimbe mzima mara 2 huku watoto wakisikiliza tu, kisha wape kiitikio pekee, na wewe ubaki na mwito. Mtoto anayeitikia hulazimika kungoja mwito uishe, na kungoja huko ndiko mafunzo yenyewe. Kwetu si jambo geni: ngoma ya kibati ya Pemba huenda kwa majibizano ya haraka yanayosindikizwa na ngoma, na anayejibu kabla ya wakati huiharibu.

Huu hapa mchezo nilioutunga kwa darasa la miaka 4. Tumia sauti yoyote inayokaa katika mipaka ya Hatua ya 2.

Mwalimu: Pweza yu wapi leo?
Watoto: Yu pangoni!
Mwalimu: Anafanya nini humo?
Watoto: Yu kimya!
(Mapigo 4 ya kimya. Hapana anayetikisika.)
Mwalimu: Maji yakijaa?
Watoto: Atoka mbio!

Kwenye "atoka mbio" watoto wanasimama na kukimbia papo kwa papo mpaka dufu linyamaze, kisha wanakaa na mwito unaanza upya. Mapigo 4 ya kimya ndiyo kiini cha mchezo, wala usiyapunguze kwa kuwaonea huruma. Mtoto wa miaka 4 anatamani kukimbia kwa mwili wake wote, naye anajizuia kwa sababu analihesabu pigo moyoni. Sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kumzoeza mtoto kujitawala pasipo fimbo wala karipio.

Hapa pia unaweza kugundua tatizo la masikio. Wapigie dufu ukiwa nyuma yao, kisha ulinyamazishe ghafla. Mtoto anayesimama kila mara baada ya kuwatazama wenzake, au anayeendelea kukimbia pale ambapo wote wamesimama, huenda hasikii vizuri. Usimwite mtukutu. Mjaribu tena siku nyengine, na likirudi, mwambie mamake ampeleke hospitali kupimwa masikio. Masikio yanayotoka usaha huharibu usikivu wa watoto wengi, nayo yana tiba.

Watoto wenye kigugumizi nao huonekana hapa kwa namna ya kufurahisha, kwa kuwa wengi wao huimba bila kukwama. Wape nafasi ya kutoa mwito peke yao mbele ya wenzao.

Darasa likisimama lote ndani ya sekunde 2 baada ya dufu kunyamaza, na kimya kikatimia mapigo yake 4 bila kicheko, mko tayari kwa ala.

## Hatua ya 6: Ingiza ala, kwanza mkwasa, baadaye cherewa

Utaratibu huu una sababu. Kijiti kinapogongana na kijiti, sauti hutoka wakati ule ule na kuisha wakati ule ule, hivyo mtoto husikia wazi kama amewahi au amechelewa. Cherewa hutawanya sauti: mbegu zinatangulia, nyengine zinafuata, na mkono ukisimama bado zinateremka. Mtoto asiyelijua pigo akipewa cherewa mwanzoni atalijua kwa shida.

Wapigaji wa kidumbak, ngoma yetu ya Unguja inayotumia vyombo hivi hivi, huviweka mkwasa na cherewa kuishika kasi huku vidumbaki (ngoma ndogo) na sanduku (besi ya uzi mmoja) vikicheza juu yake. Nawe fanya hivyo: ala za watoto zishike pigo, sauti zao zichukue wimbo.

Kutengeneza cherewa, chukua vifuu 2 vya nazi moja iliyopasuliwa katikati, uvikwangue nyuzi zote, uvianike juani siku 3. Pitisha kijiti katika jicho la nazi mpaka kitokee upande wa pili kiwe mpini, tia punje 20 za choroko, unganisha kwa gundi, kisha zungushia ukanda wa kitambaa ulioloa gundi na uache ukauke usiku kucha. Itikise kwa nguvu mwenyewe kabla mtoto hajaigusa.

Tahadhari kubwa ihusu mbegu. Usitumie kabisa zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huzipenda kwa uzuri wake, wala mbegu za mbarika. Zote zina sumu kali, na cherewa ikipasuka zitakwenda mdomoni. Hata choroko inaweza kumpalia mtoto, kwa hiyo kagua kila cherewa kabla ya kipindi na uitoe yenye ufa.

Gawa darasa nusu mbili: nusu inapiga, nusu inaimba, kisha wanabadilishana. Kanuni iwe moja, ielezwe mara moja: ala iliyolazwa jamvini haiguswi mpaka dufu liite. Usiwape wote ala kwa pamoja katika chumba chenye paa la bati, kwani masikio yao yataumia. Chini ya mwembe ni bora zaidi. Ala zikiwa chache si hasara, kwani faida iko katika kuimba na kupiga pamoja. Watafiti wale wale niliowataja walionesha mwaka 2010 kwamba watoto wa miaka 4 waliocheza kwa kuimba na kupiga pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko wale waliocheza mchezo huo huo bila muziki.

Utafaulu siku utakapowasikia wapigaji wakipunguza nguvu wenyewe ili waimbaji wasikike.

## Hatua ya 7: Mwalike mzee wa mtaa

Pigo likishakaa, mlete mtu anayeijua ngoma ya mahali pale. Pemba, mchezaji wa ngoma ya msewe akivaa miguuni vitu vinavyolia vilivyoipa ngoma hiyo jina na kuwaonesha watoto namna hatua moja inavyotoa sauti, wataelewa kwa dakika 5 jambo ambalo wewe umelieleza kwa wiki 3. Makunduchi, Donge au Wete, kila mahali pana mtu kama huyo. Mweleze mapema kwamba ni watoto wa miaka 4 na 5, umwombe achague yanayowafaa. Ngoma za unyago zina mahali pake na wenyewe. Dakika 10 zinatosha, na watoto wapewe nafasi ya kujibu kwa makofi.

## Daftari, na utunzaji wa ala

Kila Ijumaa, andika majina ya watoto 5 tu na mambo matatu kwa kila mmoja: je, anashika pigo kwa mapigo 8, anatenga silabi za neno jipya, anasimama dufu linaponyamaza. Weka alama, usiandike maelezo. Baada ya wiki 6 utakuwa umemwangalia kila mtoto, hata darasa likiwa na watoto 30, na utajua nani wa kurudishwa katika Hatua ya 3 na nani wa kupewa mwito.

Mkwasa zifungwe jozi jozi kwa uzi zisipotezane. Cherewa zitundikwe, zisiachwe sakafuni ambako panya watazifuata choroko. Wakati wa masika ngozi ya dufu hulegea na sauti yake huzama. Lianike juani kabla ya kipindi, ukilijaribu kwa kidole kila baada ya dakika chache, na mara litakapotoa mlio mkavu liondoe, kwa kuwa likizidi kukaa juani ngozi hupasuka.